Gando Mkononi mwa Mutiso

Juzi alikuja mwingine. Kijana wa nyumba za nyuma, ndoo mkononi, pumzi juu juu, akagonga mlango wangu kama mwenye habari ya moto.

"Sasa mzee! Hebu cheki huyu jamaa. Ni poa ama atanimalizia samaki?"

Ndani ya ndoo mlikuwa na kaa, amejibana pembeni, macho yamesimama juu ya vijiti vyake. Nilimwambia kijana aweke ndoo chini, aketi. Ndoo aliiweka. Kuketi hakuweza. Alizunguka sebule, akagusa pazia, akachungulia dirishani, akarudi kwenye ndoo.

"Mzee, sema basi. Ndiyo ama la?"

Nimewaona wengi wa namna hiyo tangu nistaafu. Na ninyi mliokuja leo ni walewale: mnatoka Buruburu, mnatoka Umoja, mna matangi ya maji ya chumvi yenye taa na mashine za kupuliza hewa, na mnataka neno moja. Neno moja ninalo. Lakini mkilichukua bila kujua lilikotoka, mtalipoteza kabla hamjafika stendi. Vuteni viti. Asiyeweza kuketi na asimame. Kazi hii haikuanzishwa na watu wa kuketi.

Mimi ni mtu wa Maragoli. Maji niliyokulia ni ya kijito kilichopita chini ya shamba la mama yangu, na kaa niliowajua ni wale wa rangi ya tope tuliowafukua chini ya mawe kwa vidole vya miguu. Bahari nilikuwa nimeisikia kanisani tu, ikigawanyika. Hata hivyo niliitunza bahari, Majengo ya Nairobi, katikati ya moshi wa kuni na kelele za mafundi bati, muda mrefu kabla ya kuiona kwa macho yangu. Na kazi hiyo niliipata kwa ulimi. Sisemi maneno. Nasema ulimi wenyewe, nyama hii.

Ilikuwa hivi. Mzee Shali, mtu wa Mombasa, alikuwa na hoteli ya chai Majengo. Ukutani, pale wengine walipotundika kalenda, yeye alikuwa na tangi la kioo lililojaa maji ya bahari. Vioo vilitoka kwenye basi bovu, fremu ilikuwa ya mbao kwa sababu chumvi hula chuma, na pembe zilizibwa kwa lami. Ndani yake walikuwamo samaki wa rangi, na mkubwa wao alikuwa kitatange mmoja wa manjano na buluu, mpana kama sahani ya chai, aliyeitwa Sultani. Watu walivuka mitaa kuja kumwona Sultani akigeuka.

Kila asubuhi Mzee Shali alichovya kidole ndani ya tangi, akaonja, akafumba macho. Hivyo ndivyo alivyopima chumvi. Ramadhani ilipoingia, akabaki amesimama mbele ya tangi lake kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Mwalimu wa chuo cha Qurani alimwambia kwamba kuonja na kutema hakumfunguzi mtu. Mzee akamjibu, "Na likipita tone? Koo hili limeinywa bahari tangu utotoni, halijui kuikataa."

Siku hiyo nami nilikuwa nimesimama mlangoni, natafuta kazi ya kuosha vyombo. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe wafunga?"

"Hapana, mzee. Mimi ni Mkristo."

"Alhamdulillahi!" akasema, akanishika mkono. "Njoo hapa uonje."

Nilionja, nikakaribia kutapika. Akanifundisha: chumvi ifike nyuma ya magego, isipande puani. Ikipanda puani imezidi; ikiishia kwenye ncha ya ulimi imepungua. Mfungo ukaisha, sikuondoka. Majengo nzima ikasahau kwamba jina langu ni Festo, ikaniita Ulimi. "Ulimi, mambo ya baharini?" waliniuliza watu ambao wao pia hawakuwahi kuiona.

Sasa sikilizeni jambo la hewa, kwa sababu ndilo lililonifanya niwe hivi mnavyoniona, mzee asiyemaliza kikombe cha chai bila kusimama. Umeme hatukuwa nao. Tulichukua mpira wa ndani wa gurudumu la lori, tukaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli, tukaufunga kwenye kamrija kembamba kalikoishia majini, na mwishoni tukatia kipande cha mti laini. Upepo ulipenya kwenye mti ule na kutoka mapovu madogo kama ya soda. Uzuri wake usiwadanganye. Mpira ulinywea polepole, na kila uliponywea, samaki walipanda juu wakitweta. Basi maisha yangu yote yakawa kusikiliza mpira. Nikila, nasikiliza. Nikizungumza na mtu, jicho liko ukutani. Na zile zilikuwa siku za Hali ya Hatari ya mkoloni, mitaa haikulala vizuri. Askari walipita wakipekua nyumba kwa nyumba, na kila buti lililolia uchochoroni lilinisimamisha wima. Siku moja askari alichungulia tangi, akauliza kwa ukali, "Hawa samaki wana vipande?" Maana yake vitambulisho. Mzee Shali akamjibu, "Wana magamba, bwana." Yule askari akacheka, na sisi tukapumua.

Maji yetu yalikuja kwa garimoshi kutoka Mombasa, katika mapipa ya mbao. Mapipa yalipofika niliyaonja, na kila mara niliyaona mepesi kuliko ya tangini. Nilimuuliza Mzee.

"Bahari huchoka njiani kama abiria," akanieleza. "Ikilala ndani ya tangi siku kadhaa, nguvu huirudia."

Nikaamini. Ningejuaje? Maji ya tangi yalipopungua kwa joto la jiko, nilitaka kuongeza ya mfereji. Mzee aliruka kana kwamba nimeshika kisu. "Hapana! Bahari haichanganywi na maji ya bara. Ukiichanganya, itakufa." Basi tukaongeza ya mapipa tu, miezi nenda miezi rudi. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Turudi kwa kaa, maana naona yule wa pembeni anatikisa mguu.

Kaa wa kwanza niliyemwona akiingia tangini alikuwa mdogo, wa kijani, wa kupendeza, na magando membamba kama vijiti vya kiberiti. Mzee alimkubali papo hapo. "Huyu bibi huyu," alisema, "mwone anavyotembea." Hatukupita juma, konokono waliotusafishia vioo wakawa maganda matupu, na samaki mmoja akaamka hana mkia. Yule bibi alikuwa akitoka jiweni watu wakishalala. Kumtoa, ilibidi nibomoe mawe yote.

Kutoka hapo nikajitungia sheria, na hadi leo ninazo. Tazama miguu ya nyuma: ikiwa imepigwa bapa kama makasia, huyo anaogelea, na anayeogelea hufuata samaki, mrudishe. Tazama ncha za magando: zikiwa nyeusi na nene, ni za kuvunjia maganda, mrudishe. Zikiwa zimebonyea kama vijiko, huyo ni wa kukwangua majani ya mwambani, huenda mkaelewana. Akiwa na manywele mengi kama mlevi aliyelala nje, usimwamini. Na yule anayebeba nyumba ya kome mgongoni, mwachie nyumba nyingine tupu karibu, la sivyo atamfukuza konokono wako ili ahamie.

Sheria hizi ni nzuri. Zilikaribia kumharibia mtu maisha.

Mtu huyo ni Rukia, binti ya Mzee Shali. Mama yake alishafariki, na yeye ndiye aliyeendesha jiko nyuma ya pazia: mahamri, mbaazi, viazi vya nazi. Na mtu aliyemtaka ni Hamisi, yule aliyefanya kazi katika behewa la mizigo na kutuletea mapipa. Hamisi alizaliwa papo hapo Majengo. Baba yake alitoka Tabora, mama yake Machakos, akasoma chuo kimoja na watoto wa watu wa pwani, akasema Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Lakini Mzee Shali alipotajiwa jina lake kwa ajili ya posa, alijibu neno moja tu: "Si mtu wa kwetu." Kisha akainuka kwenda kumtazama Sultani.

Mutiso, mkata nyama wa soko la Burma aliyetuletea nyama, hakuwa na adabu ya kunyamaza. "Mzee, huyo kijana ndiye analeta bahari yako kila mwezi. Bila yeye hiyo samaki yako ingekuwa kwa sufuria. Sasa unasema yeye si mtu ya bahari?"

"Punda hubeba Qurani asijue kuisoma," Mzee akajibu. Maneno hayo yalimfikia Rukia nyuma ya pazia. Nilisikia mchi ukisimama kinuni, kisha ukaanza tena, kwa nguvu zaidi.

Ramadhani ya mwaka uliofuata ilikuwa inaelekea ukingoni. Alasiri moja Hamisi akaja na mapipa, na juu ya pipa la mwisho amebeba debe lililofunikwa gunia bichi. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na viatu vya kazi. Akaweka debe mbele ya Mzee.

"Hidaya yako, mzee. Nimeitoa baharini kwa mkono wangu."

Mnajua, kwa watu wale hidaya hairudishwi hivi hivi. Kuikataa ni kumpiga mtu kofi. Mzee alifunua gunia, na mimi nikamhamishia mgeni kwenye beseni la maji ya bahari. Alikuwa kaa wa ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, bapa kana kwamba amekanyagwa, rangi ya jiwe lenye kuvu. Na magando! Kila moja pana kama mwili wake mwenyewe. Aliyakunja mbele ya uso kama mlango wa milango miwili.

"Hii haina haja ya kuuliza," alisema Mutiso, ambaye alikuwa bado ana damu ya nyama kwenye aproni. "Hizo ni panga mbili. Mtu habebi panga mbili akienda kuchuma mboga."

Kaa akafungua gando moja, akaliinua. Mzee Shali akaitikia kichwa taratibu.

"Wahenga walisema, kaa akiinua gando, mambo yamekatika."

"Mzee," Hamisi akasema, "nilimkuta chini ya jiwe, maji yamekupwa. Walikuwa wengi, wamejipanga bega kwa bega, hawagombani. Nikaona hawa wana adabu."

"Adabu! Kaa mwenye adabu!" Mzee alisimama, akaketi, akasimama tena. Njaa ya alasiri ilikuwa imemfika. "Haya. Mimi si mtu wa kumwonea mtu. Festo ndiye mjuzi wa hawa wanyama. Akisema huyu afaa kuingia kwa Sultani, wewe lete wazee wako, tutaketi. Akisema hafai, basi chukua debe lako na maneno yako, tubaki na mapipa tu. Magharibi isitukute hatujamaliza."

Aliyasema kwa sauti ya kufika jikoni. Mchi ukasimama.

Nilibeba beseni nikalipeleka karibu na mlango wa jiko, penye mwanga. Pazia likasogea, nikaona jicho la Rukia na mkono wenye unga.

"Festo, mimi namtaka yule," alininong'oneza. "Lakini sikuombi uongo. Baba ana pua ya uongo. Nakuomba umwangalie vizuri, basi."

Nilimwangalia. Wanangu, kila sheria niliyoitunga ilisema mrudishe. Magando mapana, mazito. Nilitaka kusikia kengele ya hapana ndani yangu ili nimalize, na niliisikia, lakini ilikuwa imepasuka kidogo. Kitu hakikukaa sawa. Miguu ya nyuma haikuwa makasia. Ncha hazikuwa nyeusi. Mwili ule bapa haukuwa wa mkimbizaji. Ulikuwa wa mtu aliyezoea kujificha. Na ukutani mpira ulikuwa unanywea, samaki wameanza kupanda. Nikaenda kupiga pampu, nikarudi kwenye beseni, nikaenda tena kwenye pampu.

"Festo!" Mzee akaita. "Wasemaje?"

"Sijui, mzee."

"Hujui?"

"Bado sijui."

"Nimekuweka hapa ujue! Kazi ya kutojua hata mimi naiweza!"

Hamisi alikuwa akizungusha kofia yake vidoleni. Nilijua kwamba nikitamka hapana nitakuwa nimefuata sheria zangu, hakuna atakayenilaumu. Nikitamka ndiyo nikakosea, Sultani ataamka hana mkia, na jina la Hamisi halitatajwa tena katika nyumba ile. Kati ya hayo mawili kulikuwa na "bado", neno dogo ambalo hakuna mtu mle ndani aliyelipenda, hata mimi.

Mutiso ndiye aliyechoka kwanza. "Wacha nionyeshe nyinyi," akasema, akatumbukiza mkono wake mnene besenini, akamkamata kaa kwa gando na kumwinua juu.

Kaa alianguka majini. Gando likabaki mkononi mwa Mutiso.

Chumba kizima kikatoa sauti moja. Hamisi alifunika uso. Mzee Shali akasema, "Inna lillahi," kama mtu amekufa. Hidaya ya posa, imekatwa mkono kabla haijapokelewa! Mutiso mwenyewe, mtu aliyekata miguu ya ng'ombe tangu ujana, alisimama ameshika kale kagando kwa vidole viwili na macho yamemtoka.

"Mimi sijavuta," alisema. "Wallahi sijavuta. Yeye ndiye ameniachia."

"Wewe Mkristo wallahi ya nini?" Mzee akamfokea.

Lakini lile neno lilinigonga. Ameniachia. Yule wa kijani, siku nilipomtoa, alinibana kidole mpaka damu, na nilipomvuta aling'ang'ania. Huyu ameshikwa kidogo tu, naye akatoa silaha yake kama mtu anayetoa koti kwa mwizi ili aendelee na safari. Haikuwa hakika; kaa wengi huacha kiungo wakibanwa. Ila aliachia upesi mno. Nikajiuliza: mtu anayekula kwa kisu, atakitupa kisu kirahisi hivyo?

Hapo Rukia akasema kutoka nyuma ya pazia, bila kunong'ona tena, "Festo, mbona miguu yake michache?"

Tukahesabu. Kaa wa kawaida, ukiondoa magando, ana miguu minne kila upande. Huyu alikuwa na mitatu. Minne hakuwa nayo, au kama alikuwa nayo, ule wa nne ulikuwa uzi tu uliokunjwa nyuma. Na pembeni ya macho alikuwa na ndevu mbili ndefu, ndefu kuliko mwili, akizipunga huku na huku. Huyu hakuwa mtu wa ukoo niliotungia sheria. Nilikuwa nataka kumhukumu kwa makosa ya watu wengine.

"Nipe kipande cha samaki," nikamwambia Rukia.

Nikamwekea mbele. Hakukigusa. Mutiso akasema, "Amekasirika. Ungekuwa wewe umekatwa mkono ungeshika kijiko?" Nikangoja. Jua lilikuwa limeshuka kwenye mabati, harufu ya mbaazi imejaa chumba, matumbo yanalia, na kila mtu anatembea. Mzee alikwenda mlangoni kutazama anga, akarudi. Hamisi alikwenda, akarudi. Walipishana katikati bila kutazamana.

Kinuni Rukia alikuwa akitwanga dagaa wakavu. Nikaomba chembe ya ule unga, nikaunyunyiza juu ya maji, nikakoroga kwa kidole.

Kaa alijikaza ubavuni mwa beseni kwa gando lililobaki. Kisha kinywani mwake pakafunguka vitu viwili, vyembamba, vyenye nyuzi nyuzi, kama vipepeo vidogo vya ukili, vile vya kupepea moto. Kimoja kikatupwa mbele, kikakusanya maji, kikarudi kinywani. Kingine kikafuata. Kimoja, kingine. Alikuwa akichota vumbi la dagaa majini, polepole, kwa heshima, kama mwanamke anayepepeta mchele hataki punje ianguke.

"Mzee," nikaita. "Njoo."

Mzee Shali alipiga magoti kando ya beseni. Hamisi naye akapiga magoti upande wa pili. Mutiso akainama juu yao akipumua kama ng'ombe. Vile vipepeo vilipiga na kurudi, vilipiga na kurudi, na kile kipande cha samaki kilikuwa kimelala palepale mbele yake, hakijaguswa.

"Anachuja," nikasema. "Hali nyama ya mtu. Anakula kinachopita."

"Na magando?"

"Ya kufungia mlango, mzee. Na kushikia jiwe mawimbi yakija."

Mzee alivitazama tena vile vipepeo. Alikuwa mtu wa haki, hata haki ilipomuuma. "Basi afaa?"

Nilikuwa nimefungua kinywa niseme ndiyo, Rukia akanitangulia. Alikuwa ametoka nje ya pazia, mtandio kichwani, mchi bado mkononi.

"Baba, mmeuliza saa zote kama yeye ni salama kwa tangi. Na tangi, ni salama kwake?"

Sote tukageuka kumtazama Sultani. Sultani alikuwa kwenye kioo, mdomo wake wa kuchokora umeelekea beseni, anatazama vile vipepeo kama mtu aliyeona muwa. Na ukweli ni kwamba angevidonoa mpaka vimalizike. Swali hilo sikuwa nimejiuliza, mimi mjuzi. Tangu siku hiyo huwa naliuliza kwanza, na ninyi nawaomba mlichukue hata kama mengine yote mtayaacha hapa mlangoni.

Mzee Shali alimtazama binti yake kwa muda. Sijui aliona nini. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, "Mjengee jiwe. Lenye mwanya Sultani asioweza kupita."

Nikajenga. Nikamteremsha kaa ndani ya bakuli, nikaongeza maji ya tangi kidogo kidogo ili asishtuke, nikamwachia. Alirudi kinyumenyume mwanyani, akafunga mlango kwa gando moja. Hapo adhana ikalia. Mzee alichukua tende ya kwanza kwenye sahani, na badala ya kuila, akampa Hamisi.

"Baada ya Idi," alisema. "Njoo na wazee wako. Na viatu vingine."

"Na hii nifanyie nini?" Mutiso akauliza, bado ameshika gando.

"Pika supu!" Rukia akamwambia, akakimbilia jikoni, na kicheko chake kikasikika kikigonga masufuria.

Walioana Majengo, kwa maulidi na biriani. Kufikia siku hiyo kaa alikuwa amejivua ganda mara moja, na pale penye pengo palikuwa pameota kagando kapya, kadogo kama punje ya mahindi. Watoto walikuja kukaona kuliko walivyomtazama bi harusi. Hamisi akapata nyumba ya reli Mombasa, na mimi nikatumwa kusindikiza vyombo vya Rukia na kurudi na mapipa.

Ndivyo nilivyoiona bahari. Nilishuka mpaka ukingoni, suruali nimeikunja. Ilikuwa haitulii. Ilikuja, ikaenda, ikaja tena, mtu mzima kama ile, na haikupata pa kukaa. Nikasema moyoni, kumbe ni wewe uliyenifundisha. Kisha nikafanya kile nilichojua kufanya. Nikachovya kidole, nikaonja, nikafumba macho.

Nikaonja tena.

"Vipi, Ulimi?" Rukia akauliza nyuma yangu.

"Hii bahari," nikasema, "imepungua chumvi."

Alicheka mpaka buibui likamvuka kichwani. Lakini mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Haikuwa bahari iliyochoka njiani. Jua na jiko vilikunywa maji ya tangi letu, chumvi ikabaki. Tukaongeza maji ya chumvi juu ya chumvi. Wale samaki walikuwa wanatuvumilia tu.

Niliporudi Majengo nilimweleza Mzee Shali. Alikuwa ameketi peke yake mbele ya tangi. Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti ya mchi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Yaani mimi ndiye niliyekuwa nikiwaunguza."

"Chumvi imezidi, mzee. Wanataka maji ya mfereji kidogo. Kidogo kidogo, kila siku."

Alitazama mwanya wa jiwe. Kaa alikuwa amejitokeza, anapepeta maji kwa vile vipepeo vyake, gando kubwa upande mmoja, dogo upande wa pili. Mpira ulikuwa umenywea. Nikainuka kwenda kwenye pampu, Mzee akanizuia kwa mkono. Alikwenda mwenyewe kwenye lile jiko lililokuwa la Rukia, akafungua mtungi, akarudi na kikombe kimoja cha maji ya Nairobi.

Alisimama nacho juu ya tangi muda mrefu.

"Bismillahi," akasema, akamimina.